Shajara ya mradi: seva ya masomo isiyotegemea intaneti kwa mada ya saketi za umeme

Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya mwalimu anayetaka kujaribu jambo hili darasani kwake bila kurudia makosa yangu. Darasa langu la fizikia lina wanafunzi 42, vishikwambi 14 vya kugawana watatu watatu, projekta moja, na intaneti inayoishia chumba cha walimu. Kusudi la mradi ni dogo na mahususi: kung'oa fikra moja, kwamba balbu "hula" mkondo wa umeme, na kwa hiyo mkondo unaorudi kwenye betri ni mdogo kuliko ule uliotoka. Fikra hiyo nimeipinga ubaoni miaka mingi, wanafunzi wakakubali kwa midomo, na kila mtihani ulipofika ikarudi kama kwamba sijasema neno.

20 Januari 2025: Vifaa na maudhui

Seva ni Raspberry Pi 4, kompyuta inayoenea kiganjani na kutumia umeme usiofika wati 10. Ndani yake nimeweka programu mbili za bure. Ya kwanza ni Kolibri, inayotengenezwa na shirika la Learning Equality, ambayo hupanga video na mazoezi na kumpa mwalimu taarifa ya maendeleo ya kila mwanafunzi. Ya pili ni Kiwix, ambayo tangu 2007 imekuwa ikiwawezesha watu kusoma Wikipedia pasipo intaneti kwa kuifungasha ndani ya faili moja la aina ya ZIM. Kando ya hizo nimepakua uigaji wa saketi kutoka mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa 2002 na mwanafizikia Carl Wieman. Kila uigaji ni faili moja la HTML la megabaiti chache, na hufunguka katika kivinjari cha kawaida.

Niliuchagua uigaji wa saketi kwa sababu watafiti wa chuo hichohicho walichapisha mwaka 2005 matokeo yaliyonishangaza: wanafunzi waliojifunza kwa saketi za kwenye kompyuta waliwapita waliotumia vifaa halisi, si katika maswali ya nadharia tu, bali hata walipopewa nyaya na balbu za kushikika waunde saketi na kuieleza. Sababu yenyewe inaeleweka. Katika vifaa halisi mwanafunzi hupoteza muda kwa waya uliolegea na seli iliyochoka, mambo ambayo hayahusiani na kanuni anayoitafuta.

Kuweka programu hizi kulichukua jioni mbili na hakuna la kusimulia. Maelekezo ya watengenezaji yanatosha.

3 Februari 2025: Kunakili kulikokwama

Nilipakua Wikipedia ya Kiingereza nyumbani kwa rafiki mwenye intaneti nzuri ili niilete kwa flashi. Toleo kamili lenye picha hupita gigabaiti 100, basi nikachukua lisilo na picha, ambalo nalo ni makumi ya gigabaiti. Kunakili kulikatika njiani mara tatu kwa ujumbe kwamba nafasi haitoshi, ingawa flashi ilikuwa tupu. Nilishuku flashi, nikaazima nyingine, ikafanya vilevile, na saa nne zikapotea.

Kosa halikuwa la flashi. Zote mbili zilikuwa zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata kama nafasi iliyobaki ni mara ishirini ya hiyo. Nilifomati upya kwa exFAT, na faili likaingia bila tatizo. Anayenakili mradi huu aangalie mfumo wa flashi kabla ya kuondoka nyumbani, kwa kuwa kufomati hufuta kila kilichomo.

Ninakiri hapa kwamba Wikipedia nzima ilikuwa tamaa. Naongeza mstari huu baadaye: wanafunzi wameifungua mara chache mno, na makala walizozihitaji kwa mada hii hazizidi sita. Wikipedia ya Kiswahili, iliyo ndogo kwa mbali, ingetosha kuanzia.

14 Februari 2025: Kipindi cha kwanza, kilichoharibika

Kipindi cha dakika 40 kilitoa dakika 9 za kujifunza. Nayaeleza yaliyotokea kwa kirefu kwa sababu hitilafu mbili tofauti zilijitokeza kwa sura moja, nami nikazitibu kama moja.

Mpango ulikuwa kila kikundi kifungue video niliyoirekodi, kisha kijibu maswali. Baada ya dakika mbili vishikwambi vingi vilionyesha kile kiduara kinachozunguka. "Mwalimu, chetu kinazunguka tu," ikasikika kutoka kila upande. Niliilaumu seva, nikaizima na kuiwasha, nikasubiri, kiduara kikarudi. Niliizima tena. Kengele ikalia.

Jioni nilikaa na vishikwambi vyote mezani. Hitilafu ya kwanza ilikuwa hii: vishikwambi vitano havikuwa kwenye mtandao wangu kabisa. Kifaa cha Android kinapojiunga na Wi-Fi hujaribu kufikia intaneti, na kikikosa, huuhesabu mtandao huo kuwa mbovu. Kama kinakumbuka mtandao mwingine wenye intaneti, hukimbilia huko. Vishikwambi hivyo vilikuwa na kumbukumbu ya mtandao wa chumba cha walimu, nao ulisikika kwa mbali darasani. Dawa yake ni kuufuta mtandao huo katika kila kifaa, kisha, ujumbe wa kwamba hakuna intaneti unapojitokeza, kuchagua kubaki umeunganishwa na kuamuru kifaa kisiulize tena. Kazi hiyo ilinichukua dakika tatu kwa kila kimoja.

Hitilafu ya pili ilikuwa ya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla. Video yangu ilirekodiwa kwa ubora wa 1080p, takriban megabiti 5 kwa sekunde. Vishikwambi 14 vikiitazama kwa pamoja huhitaji megabiti 70 kwa sekunde, nazo haziwezi kutoka katika antena ndogo iliyofichwa ndani ya seva, hasa kwenye masafa ya gigahezi 2.4 ambako vifaa vyote hupokezana zamu ya kusema na kusikiliza.

Nimerekebisha pande zote mbili. Video nimeipunguza hadi 480p, chini kidogo ya megabiti 1 kwa sekunde, hivyo dakika 10 zilizokuwa megabaiti 375 sasa ni 60 hivi. Kwenye skrini ya kishikwambi jicho halioni tofauti ya maana, isipokuwa maandishi madogo, na maandishi madogo hayakuwa na sababu ya kuwemo. Vilevile nimeizima Wi-Fi ya seva na kuiunganisha kwa waya na ruta ya zamani iliyokuwa kabatini, nikaiweka katika chaneli ya 11 kwa kuwa mtandao wa walimu uko chaneli ya 6. Chaneli za 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana katika masafa hayo.

28 Februari 2025: Video ilikuwa ndefu, si nzito tu

Mtandao umetulia: vishikwambi 14, video 14, hakuna kiduara. Ndipo nikaona tatizo ambalo kiduara kilikuwa kimelificha. Video yangu ina dakika 22, na kuanzia dakika ya saba hivi wanafunzi walikuwa wanatazama dirishani.

Utafiti wa Guo, Kim na Rubin wa mwaka 2014, uliochunguza vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video katika kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, ulikuta kwamba muda wa kati wa watu kuendelea kutazama hauvuki dakika 6, video iwe na urefu wowote. Nilikuwa naujua utafiti huo na bado nikarekodi dakika 22, kwa sababu nilichokirekodi ni mhadhara wangu wa ubaoni, neno kwa neno.

Nimeikata vipande vinne vya dakika tatu hadi tano, na zilizobaki nimezitupa bila majuto. Kila kipande kinaishia kwenye swali, na jibu halimo ndani ya video; kikundi huandika jibu lake kwenye karatasi kabla ya kuruhusiwa kufungua kipande kinachofuata. Pia nimeondoa maandishi yaliyokuwa yakirudia maneno ninayoyasema, maana nilipomwomba mwanafunzi mmoja anieleze alichokisikia, alinisomea alichokiona. Manukuu nimeyaacha kama chaguo la kuwashwa, kwa ajili ya mwanafunzi wetu mmoja asiyesikia vizuri.

Kuhusu projekta: maandishi meupe juu ya usuli mweusi hayasomeki chumba kikiwa na mwanga. Meusi juu ya meupe, makubwa, mistari sita kwa slaidi. Yatosha.

11 Machi 2025: Moto kwenye skrini

Leo ndipo uigaji ulipoingia darasani. Mwanafunzi mmoja aliunganisha waya kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine bila kupitia kitu chochote, na betri ikawaka moto, kama walivyokusudia walioutengeneza uigaji, kwa kuwa mkondo wa shoti ni mkubwa mno. Ndani ya dakika tatu vishikwambi vyote 14 vilikuwa vinaungua na darasa linashangilia. Nilikataza. Wakaacha nikiwa nawatazama, wakaendelea nilipogeuka.

Kukataza kulikuwa kosa. Katika mkondo wa pili wa darasa, saa mbili baadaye, niliwapa dakika tano za kuunguza kwa sharti moja: waweke ammita, yaani kipima mkondo, kwenye saketi na kuandika inasoma ngapi moto unapowaka, kisha waongeze balbu na kuandika tena. Betri ya uigaji huanza na volti 9 na balbu ina ukinzani wa omu 10, kwa hiyo ammita ilisoma ampea 0.90 badala ya ile namba kubwa ya kutisha. Dakika tano zikaisha, na hakuna aliyeomba nyingine.

Kisha kazi yenyewe. Kila kikundi kilitabiri kwanza kwenye karatasi: ammita ikiwekwa kabla ya balbu itasoma ngapi, na ikiwekwa baada yake itasoma ngapi? Vikundi 11 kati ya 14 viliandika namba ndogo upande wa pili. Walipounganisha, 0.90 kabla na 0.90 baada. Msichana mmoja aliihamisha ammita mara tatu, akaifuta na kuichukua nyingine, kisha akainua mkono: "Mwalimu, hii ammita imekwama." Nilimwambia aongeze balbu ya pili mfululizo na ya kwanza. Zote zikasoma 0.45, kabla, katikati na baada. Alikaa kimya muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake, kisha akamwambia mwenzake, "Basi si balbu inayokula. Ni saketi nzima inayobana." Sentensi hiyo sikuwahi kuisikia katika miaka yote ya ubao, na wala sikuitoa mimi.

Jambo moja lilinipiga chenga. Uigaji huanza kwa kuonyesha elektroni, vidude vya buluu vinavyotoka ncha hasi, ilhali ubaoni huchora mshale wa mkondo kutoka ncha chanya. "Mwalimu, mshale wako unakwenda huku na vidude vinakwenda kule. Tufuate kipi?" Swali la haki kabisa, na lilikula dakika kumi ambazo sikuzipanga. Ndani ya uigaji kuna kitufe cha kubadilisha kutoka elektroni kwenda kwenye mishale ya mkondo wa kawaida. Sasa tunaanza na mishale, na elektroni tunazileta katika kipindi kingine kama jambo la kufundishwa kwa makusudi.

27 Machi 2025: Umeme kukatika na saa iliyopotea

Umeme ulikatika mara mbili katika wiki moja. Mara ya pili seva haikuwaka tena: kadi ya kumbukumbu iliharibika kwa kukatizwa ikiwa katikati ya kuandika. Nilipoteza kazi zote za wanafunzi za wiki tatu kwa sababu nakala ya akiba niliyokuwa nayo ilikuwa ya mwanzo wa mwezi.

Marekebisho ni matatu. Mfumo na maudhui nimevihamishia kwenye diski ya SSD, inayostahimili uandishi wa mara kwa mara kuliko kadi. Kati ya chaja na seva nimeweka pawabenki inayoweza kuchaji na kutoa umeme kwa wakati mmoja. Zipo zinazokata kwa sekunde moja chaja inapochomolewa, na sekunde hiyo inatosha kuizima seva, basi ni lazima kuijaribu kwanza. Na kila Ijumaa jioni nanakili data ya Kolibri kwenye flashi, kazi ya dakika nne.

Pawabenki ya kwanza iliniletea alama ya radi kwenye skrini, ambayo ni onyo la Raspberry Pi kwamba volti zimeshuka chini ya 4.63. Ilikuwa inatoa ampea 2, na modeli hii inataka chaja ya volti 5 na ampea 3. Nimeibadilisha.

Baada ya hapo nikaona jambo la ajabu katika taarifa: zoezi la Ijumaa lilikuwa limeandikwa kwamba lilifanyika Jumanne usiku. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri yake. Kwa kawaida huuliza saa kwenye intaneti, na isipoipata huendelea kuhesabu kutoka pale ilipozimwa. Nimeongeza kipande cha saa cha DS3231 chenye betri ya kidonge ya CR2032. Kukichomeka na kukitambulisha kwa mfumo kulichukua nusu saa, na tarehe sasa ni za kweli.

25 Aprili 2025: Nywila, majina na alama

Mwanzoni kila mwanafunzi alikuwa na nywila. Kila kipindi wanane au tisa walikuwa wameisahau, nami nikawa karani wa nywila. Kolibri inaruhusu mwanafunzi aingie kwa jina bila nywila, basi nikazifuta. Raha hiyo ilidumu wiki moja. Katika jaribio fupi, mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa nyumbani alipata alama 9 kati ya 10.

Hakukuwa na udanganyifu mkubwa. Katika kikundi cha watatu yeyote huingia kwa jina lolote lililo karibu. Lakini maana yake ni kwamba taarifa nzuri zenye rangi, ambazo ndizo zilizonivutia kwenye programu hii, zinasema kikundi kinajua nini, hazisemi mtu mmoja anajua nini. Tangu hapo mazoezi ya kwenye kishikwambi ni ya kujizoeza tu, na jaribio lenye alama hufanywa kwa karatasi na kalamu. Taarifa za Kolibri nazitumia kwa jambo moja: kutazama swali gani limekosewa na vikundi vingi, ili nianze nalo kesho yake.

Vilevile tumerudia kazi ya 11 Machi kwa vifaa halisi: seli kavu mbili za volti 1.5, balbu ya tochi na ammita mbili kwa pamoja, moja kila upande. Ammita zilitofautiana kidogo, na baadhi ya wanafunzi wakaishika tofauti hiyo kuwa ushahidi kwamba balbu imekula kitu. Tulizibadilishana nafasi ammita zenyewe. Tofauti ikahama pamoja na ammita. Uigaji usingeweza kutupa somo hilo, kwa kuwa ammita zake hazikosei kamwe.

16 Mei 2025: Gharama

Kwa kuwa bei hutofautiana, nahesabu kwa vifaa na muda. Vilivyonunuliwa ni Raspberry Pi na chaja yake, SSD, pawabenki mbili (moja haifai), kipande cha saa na kadi ya kumbukumbu iliyokufa. Ruta, projekta na vishikwambi vilikuwepo. Kishikwambi kimoja kimepasuka skrini na kimoja hakishiki chaji, hivyo vikundi sita sasa vina watu wanne.

Muda ndio ghali. Kuandaa seva: saa 9. Kutafuta makosa yaliyoelezwa hapo juu: saa 31. Kurekodi video: saa 14, na zaidi ya theluthi mbili ya hizo ziliishia kwenye dakika nilizozitupa. Kuandaa karatasi za utabiri, ambazo ndizo zilizobadilisha vipindi: saa 3.

Katika jaribio la karatasi lenye swali lilelile la mkondo kabla na baada ya balbu, wanafunzi 33 kati ya 42 walijibu sawasawa na kutoa sababu. Sina kundi la kulinganisha nalo, na swali walikuwa wamelizoea, kwa hiyo namba hiyo isomwe kwa tahadhari. Katika saketi sambamba, yaani zenye matawi, hali bado si nzuri. Wengi wanadhani betri hutoa mkondo uleule na matawi kugawana.

6 Juni 2025: Seva mikononi mwa mwingine

Mwalimu mwenzangu wa darasa la jirani ameiendesha mada yote bila mimi kuwepo, akifuata karatasi ya maelekezo ya kurasa mbili. Alikwama mara moja. Nilikuwa nimeandika "washa seva, kisha ruta," na alipofanya hivyo kishikwambi hakikuipata seva, kwa kuwa ruta ndiyo inayoigawia anwani, na seva iliyoamka kabla yake ilikuwa imekata tamaa ya kuipata. Mimi nilikuwa nawasha ruta kwanza kwa mazoea, bila kujua kwamba ninafanya hivyo. Nimesahihisha maelekezo: ruta kwanza, subiri dakika mbili, ndipo seva. Pia nimeipa seva anwani isiyobadilika, na anwani hiyo imebandikwa kwa herufi kubwa juu ya mlango wa kabati.

Yeye naye ameongeza mstari wake mwishoni mwa karatasi, kwa kalamu nyekundu: "Wape dakika tano za moto kwanza."